Kijiko Kilicholala Kiwanjani Kwetu

Mtu akiniuliza nyumba yangu iko wapi, namwonyesha kiwanja. Akiniuliza mbona katikati pana doa jeusi la mafuta na majani hayaoti, namwambia hapo ndipo kilipolala kijiko cha mume wangu. Sisemi kijiko cha kukorogea chai. Nasema lile dude la chuma linalotembea kwa minyororo, lenye mkono mrefu na ndoo mbele, la kuchimbia mitaro na kuvunjia nyumba za watu. Wengine wanaliita mtambo, wengine mashine tu. Mimi majina niliyoliita nikiyataja hapa mtasema sikulelewa.

Siku lilipoletwa nilikuwa palepale, nimeinama nakaza kamba. Fundi mwashi alikuwa amekwisha kupima vyumba, amepigilia vigingi kwenye kona na kuvizungushia kamba, hivi kwamba ukisimama ungeweza kusema hapa sebule, hapa jiko, hapa chumba chetu sisi wazee. Nawaambia ukweli, nilikuwa naingia jikoni kwangu kwa kupitia mlangoni. Sikuwahi kuiruka kamba hata siku moja. Mara likaja lori refu la kubebea mitambo, mume wangu kakaa mbele na dereva, ovaroli jipya, anacheka mpaka magego yanaonekana. Lori halikuwa na pa kugeuzia. Wakazunguka, wakabishana, mwisho wakaamua kulishusha dude hapohapo. Minyororo yake ikapita sebuleni, ikapita jikoni, ikasimama chumbani. Vigingi vikazama ardhini, vingine sijaviona mpaka leo.

"Mama watoto, usiwe na wasiwasi," akaniambia. "Ni kwa siku mbili tatu tu. Kikishapata mipira mipya ya kupitishia mafuta, kitachimba msingi wetu chenyewe, halafu kitakwenda kututafutia matofali."

Niseme kwanza mume wangu ni mtu gani, msije mkadhani niliolewa na mpumbavu. Ni dereva wa mitambo. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kampuni moja ya ujenzi. Aliingia kama kibarua wa koleo, akawa anamfutia vioo dereva mmoja mkali, akajifunza kwa kuiba kwa macho, na siku yule dereva alipougua akapanda yeye. Hakushuka tena mpaka anastaafu. Kazini walimwita Fagio. Jina hilo hakupewa kwa ajili ya usafi, maana soksi zake nazifahamu. Alipewa kwa sababu akimaliza kuchimba hakuwaachia vibarua udongo wa kusawazisha kwa koleo kama wanavyofanya wenzake. Aliilaza ndoo kwa ubavu, akazungusha kichwa cha mashine huku na huku, akafagia kingo za mtaro mpaka zikanyooka. Wasimamizi walimpenda kwa hilo. Kazi ya kutwa aliimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Na mimi niliyekuwa nampelekea hicho chakula nilikuwa nasimama na wanawake wengine kumtazama, na siwafichi, nilikuwa najisikia. Wa kwao walikuwa wanasukuma toroli. Wangu alikuwa anafagia barabara kwa chuma. Nilikuwa napunguza mwendo makusudi ili wanione ninapompa bakuli lake.

Lakini tulikorudi jioni hakukuwa kwetu. Vyumba viwili vya kupanga, ua mmoja, bomba moja, choo kimoja kwa wapangaji wote. Mwenye nyumba ni mama mmoja mwenye mdomo, akikasirika anafunga bomba kwa kufuli, na kukasirika kwake hakuna ratiba. Akisikia cherehani yangu inalia anakuja dirishani kuuliza umeme huo unalipwa na nani, wakati cherehani yenyewe ni ya kukanyaga kwa miguu. Watoto wetu wamekulia humo, wameoa na kuolewa wakitokea humo, na kila mgeni aliyewajia alihesabiwa ndoo za maji. Mimi duniani nilikuwa nataka mlango wangu. Nikiufunga, nimeufunga. Kiwanja tulikipata kwa kujinyima, nusu ushonaji wangu, nusu mshahara wake, na hati ina majina yetu yote mawili. Tukakubaliana kwamba siku atakayostaafu, kiinua mgongo chote kitazikwa pale kiote nyumba.

Siku ikafika. Kampuni ikamwandalia soda na hotuba, na wiki hiyohiyo ikatangaza mnada wa mitambo chakavu. Na mle mnadani, kimeandikwa kwa chaki ubavuni, kilikuwemo kijiko alichokiendesha miaka yote. Alirudi nyumbani hali wala hakai, anazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kumbe ameshanunua. Hakuniuliza, hakunidokeza. Anasema eti bei ilikuwa ya bure.

Fundi wa kampuni, aliyekuwa akikitunza, alimwambia waziwazi asikiguse, kimekwisha. Mume wangu akasema huyo ana wivu. Mimi niliwaka, nikasema yote yaliyokuwa moyoni na mengine niliyoyatunga hapohapo, mpaka mwenye nyumba akafungua dirisha lake asikie vizuri. Mume wangu akasubiri nimalize.

"Ningenunua cha mtu mwingine ungekuwa na haki ya kunigombeza," akasema. "Hiki nakijua kuliko ninavyojijua mwenyewe. Kikikohoa tu najua kinaumwa wapi."

Na mimi nikalainika. Nilijiambia, mtu aliyekaa na kitu miaka yote hiyo atakosaje kukijua? Hapo ndipo tulipokosea wote wawili. Alikijua kutoka kitini. Huko chini, kwenye mafuta na matope, hakuwahi kuchungulia, kwa sababu kwa dereva wa cheo chake ilikuwa aibu kuonekana amelala chini ya mashine. Hiyo ilikuwa kazi ya mafundi. Yeye alishuka, akapangusa viatu, akaenda zake.

Basi tukaanza kutengeneza. Alimtafuta fundi mwingine, akatoka upande wa pili wa mji, mtu mrefu, mpole, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha, anayezungumza na vyuma kwa sauti ya chini kama anambembeleza mtoto. Mume wangu alimwambia kwamba yeye ni dereva mstaafu na kijiko amekipata mnadani. Kwamba ndicho hichohicho alichokiendesha hakumwambia. Nilikuwepo, nikashangaa, maana majirani alikuwa ameshawachosha na hadithi hiyo. Nikadhani anaona haya kuonekana kanunua chuma kwa mapenzi.

Mipira ya mafuta ikabadilishwa. Ilipokaa sawa, mafuta yakatafuta pengine pa kutokea, zikabadilishwa sili, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje. Sili ziliposhika, pampu ikaanza kuguna. Kila kilichopona kilimwambukiza jirani yake. Asubuhi mume wangu anavaa ovaroli na kutoka kama mtu mwenye kazi, jioni anarudi ananuka dizeli na kunisimulia habari za pampu mpaka chakula kinapoa. Majirani wakaanza kuniambia nimeletewa mke mwenza. Mke mdogo kaamkaje leo, wananiuliza. Mke mdogo anakunywa sana, mwambieni apunguze. Mwanzoni nilicheka nao. Baadaye nikawa napita njia ya nyuma, kwa sababu mke mdogo alikuwa amekula matofali, amekula mabati, ameanza kula mbao. Mlango wangu, ule niliouchagua mwenyewe kwa seremala, uliondoka na betri.

Ikafika siku kikawaka na kutulia. Mume wangu akapata kazi ya kuchimba mtaro wa bomba mbele ya duka moja mtaani, akaja kunichukua nikashuhudie. Nilivaa nguo ya kutokea. Nilisimama pale nikaona ndoo inashuka, inapanda, udongo unatoka mwekundu na safi, na moyo ukaniambia, mwanamke, umemsumbua bure mume wako. Kisha akazungusha kichwa ili amwage. Kikatoka mlio ambao ulinikera hadi kwenye fizi, kitu kinasaga kitu, na kichwa kikagoma palepale. Mkono umekatiza njia yote, ndoo inaning'inia mbele ya mlango wa duka, hakiendi huku wala kule. Wateja wakawa wanainama kupita chini yake. Mtu mmoja akauliza kama siku hizi dukani mnaingia kwa kusujudu, watu wakacheka, na mimi nikatazama viatu vyangu. Mume wangu aliendelea kuvuta zile fimbo za usukani hata injini ilipokuwa imezimwa. Fundi akaja, wakakirudisha kiwanjani kinatambaa, kichwa kimepinda kama cha mtu aliyelala vibaya.

Fundi akasema sasa hakuna kubahatisha, lazima kichwa kiinuliwe. Ikakodiwa winchi. Nilifika na chakula chao wakati kichwa kimeshanyanyuliwa, na fundi akaniita nije nione, akasema mama, na wewe mali ni yako. Akanieleza kwamba kati ya kichwa na miguu kuna bangili kubwa ya chuma yenye meno kwa ndani, na hiyo ndiyo inayokizungusha kichwa. Upande mmoja meno yalikuwa mazima kabisa, yanang'aa kwa grisi. Upande wa pili yalikuwa yameliwa, mengine yamekatika, mengine yamelala.

"Hii haikuchakaa, mama. Imeuliwa," akasema. "Kichwa kimeundwa kizunguke ndoo ikiwa hewani. Hakikuundwa kusukuma udongo kwa ubavu. Dereva wake alikuwa anafagia kwa ndoo. Na si mara moja, huyu ni mtu aliyeifanya ndiyo tabia yake. Angekuwa hapa mbele yangu ningemzaba kofi."

Mabakuli yalikuwa mikononi mwangu, ya moto, na sikuyasikia. Nilimtazama mume wangu. Nikangoja aseme. Nilikuwa tayari kucheka naye akisema, wallahi, nilikuwa tayari hata kumwonea huruma. Yeye aliinama akayatazama yale meno kwa karibu, akatikisa kichwa.

"Vijana wa siku hizi," akasema, "hawana adabu na mashine."

Nimemkasirikia mume wangu mara nyingi, kwa pesa, kwa ndugu zake, kwa kukoroma. Hasira ya siku ile haikufanana na hizo. Kiinua mgongo kimeliwa na kijiko, sawa. Lakini huyu alikuwa amesimama mbele yangu, mimi niliyekuwa nikimtazama anafagia na kuwaringia wenzangu, anamtukana kijana ambaye hajazaliwa na mtu. Na alijua kwamba najua. Aliona haya kwa fundi, kwangu hakuona haya. Niliyaweka mabakuli chini nikaondoka bila kungoja wamalize kula.

Jioni alipoingia nilimwuliza kama alikuwa anajua. Alivua viatu, akavipanga, akavipanga tena.

"Kila dereva alikuwa anafagia," akasema.

"Kila dereva hakuitwa Fagio," nikamjibu.

Kisha, sikieni maajabu, akaanza kunieleza kwamba bangili nzima ipo, fundi anaijua, imo kwenye kijiko kilichokufa injini katika mji wa jirani, na kwamba tukikata nusu ya kiwanja, ile nusu ya mbele inayotazama njia, tunaipata na chenji inabaki. Mnunuzi ameshapatikana, ameshakuja kupima kwa hatua wakati mimi niko kwenye cherehani. Kinachongojwa ni saini yangu. Nusu ya mbele. Yaani hata nikijenga kibanda huko nyuma, nitakuwa natoka nje kwa kuomba njia kwa mtu mwingine.

Sikupiga kelele. Mwenye nyumba alifungua dirisha lake bure siku hiyo. Nilimwambia hivi: kesho twende wote kiwanjani. Mbele yangu, umwambie fundi kwamba dereva aliyekuwa anafagia ni wewe. Hilo tu. Ukishalisema, lete karatasi, natia saini palepale nikiwa nimesimama.

Na ningetia. Msidhani ulikuwa mtego. Nilikuwa nimeshakata tamaa na nyumba, nilitaka walau mume nibaki naye, mtu ninayeweza kuamini neno lake likitoka mdomoni. Kama angelisema lile moja, ningeuza nusu ya kiwanja na nisingelalamika mbele ya mtu. Alilala ameelekea ukutani.

Asubuhi alinyoa ndevu. Tukaenda tumeongozana kama tunakwenda msibani. Fundi alikuwa chini ya kijiko, miguu tu ndiyo inaonekana. Mume wangu akamwita. Fundi akajivuta akatoka, akaitika, akakaa kitako akipangusa mikono kwa tambara.

"Fundi," akasema tena mume wangu. "Kuhusu yule dereva."

"Ndiyo, mzee."

Akakohoa. Akageuka kunitazama, na mimi sikumsaidia, nilimkazia macho tu. Fundi naye ametulia, anasubiri kwa adabu, hajui hata anachosubiri.

"Waite watu wa vyuma chakavu," akasema. "Kikatwe."

Fundi alidhani amesikia vibaya. Akasema mzee, bangili ipo, mimi mwenyewe nimeiona, injini sasa ni nzima, pampu ni mpya, tumebakiza hatua moja. Akamwomba apumzike kwanza, afikirie. Akanigeukia mimi, labda mama utamshauri. Nilikuwa nimeelewa kwamba mume wangu amepima vitu viwili, akaona ni rahisi kukiua kijiko kuliko kukitamka kile kitu.

"Kikatwe," akasema mara ya pili, kwa sauti ya usimamizi, kama ni jambo alilolifikiria vizuri.

Kwa hiyo kiwanja changu kimebaki kizima. Watu wananipongeza kwamba nilisimama imara, nikamkatalia mume kuuza ardhi. Siwaelezi. Hakukiacha kwa ajili yangu.

Wakaja na mitungi yao ya gesi. Walianza na mkono, na ulipodondoka, ardhi ilitikisika mpaka kwenye nyumba za jirani. Moshi ukazagaa, majirani wakafunga madirisha, waliokuwa wakiniuliza habari za mke mdogo walipita wakaniambia pole, na ile pole ilinichoma kuliko utani. Mume wangu alivaa shati la kutokea. Alisimama kutwa nzima pembeni, mikono mfukoni, anawaelekeza wakate wapi, na walimsikiliza, maana kweli alijua kila kiungo kiko wapi. Walipopakia kipande cha mwisho, pesa iliyopatikana ikamlipa fundi na winchi, hapohapo ikaisha.

Fundi alikuwa anakusanya spana zake. Alipomaliza hakuondoka, akatusogelea. Alionekana kama mtu tunayemdai, ingawa sisi ndio tuliokuwa tukidaiwa naye. Akasema kuna mkandarasi anayemtengenezea mitambo, ameleta kijiko kipya, kinang'aa, na anatafuta dereva mtu mzima, mtulivu, wa kukiendesha na kuwafundisha vijana wasikiharibu. Umri si hoja. Mshahara ni wa uhakika, kila mwisho wa mwezi. Yeye alishamtajia mkandarasi kwamba anamfahamu mzee mmoja anayeijali mashine.

Sikuamini masikio yangu. Kwa mara ya kwanza tangu lori lile lifike, niliona chumba kimesimama pale, kimoja tu, chenye bati na mlango. Nilimgeukia mume wangu nimeshaanza kutabasamu.

"Siendeshi tena," akasema.

"Kwa nini, mzee?" Fundi alishangaa kweli. "Mikono yako bado ina nguvu. Mwaka mmoja au miwili tu, mpate kuanza upya."

Mume wangu alinitazama mimi. Yale macho nayajua, ndiyo aliyokuwa akinitazamia watoto walipokuwa wadogo na wenye madai wakigonga mlangoni, nitoke mimi niseme baba hayupo. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilikuwa nayo tangu siku ya bakuli, nimeyapanga, yanatosha sentensi moja. Fundi alikuwa ananitazama pia, uso wake umejaa wema na masizi.

"Macho," nikasema. "Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, fundi. Hapendi kulisema."

Fundi akaweka mkono kifuani, akasema pole sana mzee, basi ndiyo maana. Akasema na mjomba wake alikuwa hivyohivyo, akatibiwa akapona kabisa, yuko daktari mmoja mzuri sana. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akamwuliza hospitali yenyewe iko wapi.